Sensa ya Presha ya Tangi: Pima Kwanza, Ununue Baadaye

Taa ya injini ya Corolla yangu ya mwaka 2001 iliwaka asubuhi moja ya Februari, hapa Pittsburgh, chumvi ya kuyeyushia barafu ikiwa imetapakaa barabarani kama unga uliomwagika. Gari lenyewe lilikuwa zima. Halikukohoa, halikupungua nguvu, halikuongeza ulaji wa mafuta. Mashine ya kusomea ikatoa msimbo P0450, na gereji nilikolipeleka haikuuliza swali la pili: msimbo umetaja sensa ya presha ya mvuke wa mafuta, basi sensa ibadilishwe. Nikalipa dola 310. Siku ya tisa taa ikarudi.

Ubovu ulikuwa pini moja iliyoota kutu ya kijani ndani ya soketi. Kuisafisha kulinichukua dakika ishirini. Mwongozo huu ni wa kukusaidia uanze na dakika ishirini hizo, na kama sensa yako kweli imekufa, uwe na namba za kuthibitisha kifo chake kabla hujatoa pesa.

Nasema "sensa" kwa sababu ndivyo mafundi wasemavyo. Haihusiani na ile ya watu na makazi.

Kinachopimwa humo tangini

Petroli haitulii. Gari likiwa limeegeshwa tu, mafuta yanageuka mvuke, na jua likipiga mvuke unaongezeka. Zamani uliachwa utoke nje. California ilianza kuuzuia kwenye magari ya mwaka 1970, na mwaka uliofuata sheria ikaenea Marekani nzima. Tangu hapo mvuke hupelekwa kwenye kopo lililojaa mkaa maalumu. Mkaa huunyonya na kuushikilia, kisha gari likiwa linatembea vali ndogo hufunguka, injini ikauvuta mvuke ule na kuuchoma pamoja na mafuta mengine.

Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyejua kama mpangilio huo unavuja, labda pua imwambie. Mwaka 1996 Marekani ikalazimisha magari madogo mapya yote yawe na mfumo wa kujichunguza wa OBD-II, na katika miaka michache iliyofuata ukaguzi wa tangi ukaingizwa hatua kwa hatua. Kompyuta hufunga njia zote za hewa, huiachia injini ivute hewa kidogo kutoka tangini, kisha hungoja. Umewahi kunyonya hewa ya chupa tupu mpaka ikang'ang'ania mdomo? Chupa nzima haiachii, yenye ufa huachia mara moja. Mwanzoni kompyuta ilitakiwa igundue tundu la milimita 1. Kuanzia magari ya mwaka 2000 kiwango kikaanza kushuka hadi nusu milimita, tundu ambalo huwezi kuliona bila kulitafuta.

Mwenye kusimulia hayo yote kwa kompyuta ni sensa moja ndogo yenye nyaya tatu. Na presha inayosimulia ni ndogo ajabu. Kwenye Toyota za miaka ile, upeo wake wote ni kuanzia kilopaskali 3.5 chini ya hewa ya kawaida hadi kilopaskali 1.5 juu yake. Tairi lako lina kilopaskali 220 hivi. Kwa hiyo sensa hii ni kitu cha kupuliziwa kwa adabu. Pumzi ya kifua inaweza kuizidi.

Mjomba wangu ni fundi wa magari katika eneo la Gerezani, Dar es Salaam. Nilimpigia siku ile taa iliporudi.

"Shikamoo mjomba. Sensa ya presha ya tangi ikisumbua, huko mnafanyaje?"

"Marahaba. Sensa gani hiyo?"

Nikamtumia picha. Akakaa kimya kidogo.

"Mwanangu, hiyo mimi sijawahi kuigusa. Corolla 110 za huku zina kopo la mkaa na vali yake, basi. Hiyo wamekuwekea Wamarekani."

Hakukosea. Corolla ileile iliyotengenezwa kwa soko la Japani, ndiyo iliyojaa Dar na Mombasa, kwa kawaida haina sensa hii. Kama gari lako lilitoka Japani, taa ya injini tafuta sababu yake kwingine. Lakini kama unaendesha gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani, uwe Ohio, Ontario, au hata Muscat, ambako magari yaliyotumika Marekani hufika kwa wingi, endelea kusoma.

Msimbo umesema nini hasa

Kabla ya kufuta chochote, andika misimbo yote iliyomo, pamoja na ile kumbukumbu ambayo kompyuta huihifadhi wakati taa inawaka: joto la injini, mwendo, kiasi cha mafuta. Ukifuta umepoteza ushahidi. Maduka mengi makubwa ya vipuri ya Marekani yatakusomea misimbo bure, na kisomeo cha bluetooth cha bei ndogo pia kinaweza. Sharti lako kwa yeyote atakayesoma liwe moja: asifute.

Misimbo ya P0450 hadi P0454 inahusu sensa na nyaya zake. P0450 ni lawama ya jumla, P0451 ni namba zisizoeleweka, P0452 ni umeme wa ishara kuwa chini mno, P0453 ni kuwa juu mno, na P0454 ni ubovu wa kuja na kuondoka. P0442, P0455 na P0456 zinahusu kuvuja: tundu dogo, kubwa, na dogo zaidi. P0441 ni vali ya kuvuta mvuke, P0446 ni njia ya kopo kupumulia. Kwenye Toyota za mwisho wa miaka ya tisini P0440 (lawama ya jumla ya mfumo mzima wa mvuke), P0441 na P0446 hupenda kutembea pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Ukiziona zote tatu bila P0450, sensa si mtu wa kwanza wa kumshuku. Anza na kifuniko cha tangi, vali na kopo.

Na hata P0450 yenyewe haijasema "sensa imekufa". Imesema kwamba kompyuta haiamini inachosikia. Simu ikikwaruza, tatizo laweza kuwa kwa anayesema, kwenye laini, au sikioni mwako.

Kabla ya kuingia chini ya gari

Unakwenda kufanya kazi karibu na tangi la petroli, basi sigara, jiko na taa ya kuning'iniza yenye glopu inayopata moto vikae mbali. Fanyia nje au mlango wa gereji ukiwa wazi. Gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Injini na ekzosi viwe vimepoa.

Jambo jingine nalisema kwa mkazo kwa sababu nimewahi kumshika mtu mkono akitaka kulifanya: usipulize tangi kwa kompresa ya gereji. Mashine za moshi zinazotumika kutafuta uvujaji hufanya kazi kwa presha isiyofika psi 1. Kompresa ina psi 100 na zaidi. Sensa itakufa kwanza, na tangi linaweza kuifuata.

Fungua kifuniko

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Kama kisomeo chako kinaonyesha presha ya tangi moja kwa moja, washa swichi bila kuwasha injini, kisha fungua kifuniko cha mafuta na uache wazi. Sasa ndani ya tangi na nje ni hewa moja. Sensa inatakiwa ikubali hivyo: tofauti iwe sifuri au karibu na sifuri. Ikisema kuna mvuto mkubwa au presha kubwa huku kifuniko kiko mkononi mwako, kuna uongo mahali fulani, na bado hujajua kama mwongo ni sensa, waya au mpira ulioziba.

Magari mengi makongwe hayaonyeshi namba hii kwa visomeo vya bei ndogo. Usijali, tutaipima kwa mita.

Tumia macho

Sensa iko wapi? Inategemea gari. Kwenye mengine imechomekwa juu ya tangi, pamoja na pampu ya mafuta, na unaifikia kwa kunyanyua kiti cha nyuma kama kuna kifuniko chini yake. Kwenye mengine imefungwa karibu na kopo la mkaa, na mpira mwembamba unatoka kwake. Tafuta kijiboksi cha plastiki chenye nyaya tatu na mpira mmoja au miwili.

Huku kwenye theluji, soketi ndiyo mshtakiwa wangu wa kwanza, siku zote. Chumvi hurushwa na matairi, maji yake huingia penye sili iliyokauka, na shaba huota kutu ya kijani. Chomoa soketi, mulika kwa tochi, na usiangalie haraka. Pini tatu zinatakiwa zing'ae sawa. Moja ikiwa imefifia au ina unga, umeshapata mahali pa kuanzia. Angalia pia kama pini imerudi nyuma ndani ya plastiki, ubovu ambao jicho la haraka huupita.

Fuata waya mpaka unapopanda kwenye bodi. Pale unapogusana na bati au kibanio chenye kutu ndipo hukwanguka. Kisha ushike mpira: uchomoe, uutazame kwa ndani, uukunje taratibu uone kama una nyufa. Mpira wa umri wa miaka ishirini na mitano una haki ya kupasuka.

Njia ya kopo kupumulia nayo inataka kuangaliwa, na si mzaha. Mwaka 2011 Mazda iliyarudisha gereji magari ya Mazda6 yapatayo 52,000 nchini Marekani kwa sababu buibui wa aina moja, wa rangi ya njano, alikuwa akijenga utando ndani ya bomba hilo. Bomba likiziba, tangi hushindwa kuvuta hewa, mvuto huzidi, na tangi lenyewe laweza kupata ufa. Mwaka 2014 walirudisha mengine. Sensa inayoripoti mvuto mkubwa kwenye gari la namna hiyo inasema kweli tupu, na mwenye gari akiibadilisha atakuwa amemfukuza mlinzi aliyepiga kelele za mwizi.

Nyaya tatu, vipimo vitatu

Sasa chukua mita ya umeme. Ya dola 20 inatosha. Utapima kwa kuingiza pini nyembamba nyuma ya soketi, kando ya waya, soketi ikiwa imechomekwa. Usitoboe ngozi ya waya. Tundu utakaloacha ndilo mlango wa chumvi ya mwaka ujao.

Waya mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili ni hasi, wa tatu ni ishara inayorudi. Kwenye michoro ya Toyota utaona umeandikwa VC, E2 na PTNK. Tafuta mchoro wa gari lako hasa, la mwaka wako, kwa sababu rangi za nyaya hubadilika.

Washa swichi, injini ikiwa imezimwa. Kati ya VC na E2 unataka volti 4.5 hadi 5.5. Usipozipata, hamishia ncha ya hasi ya mita kwenye chuma safi cha bodi. Kama sasa volti 5 zimetokea, basi waya wa hasi ndio uliokatika, na sensa haina kosa. Kama bado hakuna kitu, umeme haufiki: waya umekatika, au umegusa bodi njiani, au sensa nyingine inayokunywa kwenye bomba hilohilo la volti 5 imelivuta chini. Kwenye magari mengi sensa ya mkao wa throttle (mlango wa hewa ya injini) hutumia chanzo hichohicho. Ndiyo maana nilikuambia uandike misimbo yote: sensa mbili zikilalamika siku moja, chunguza zinachochangia.

Ukipata volti 5, pima ishara, yaani kati ya PTNK na E2, mpira ukiwa umechomolewa ili sensa ivute hewa ya kawaida. Toyota za kizazi hicho hutoa volti 3.0 hadi 3.6. Mita ikisoma karibu sifuri, au ikiganda karibu na 5, hesabu inaanza kuielemea sensa, lakini bado kuna waya wa ishara wa kumalizana nao.

Kuumaliza ni hivi. Chomoa soketi. Upande wa nyaya za gari, unganisha tundu la volti 5 na tundu la ishara kwa kipande cha waya chenye fyuzi ndogo, ukiwa na hakika ni matundu hayo na si mengine. Kisomeo kikionyesha presha ya tangi kuruka mpaka kwenye kikomo chake, waya wa ishara ni mzima na kompyuta inasikia. Namba isipotikisika, tatizo liko kati ya soketi na kompyuta, au ndani ya kompyuta yenyewe, ile ambayo mafundi wa nyumbani huiita kontrolboksi. Huko kwenye kompyuta ni nadra. Waya ndio huanza.

Usiazime namba za gari la jirani. Za General Motors za miaka hiyo hutoa volti 1.5 hivi kwenye hewa ya kawaida, na zimegeuzwa: mvuto ukiongezeka umeme unapanda, wakati kwenye Toyota unashuka. Honda nyingi hukaa karibu na 2.5. Mtu aliyekariri namba za Toyota ataitupa sensa nzima ya Chevrolet huku akijiamini.

Sirinji na bomba la maji

Hapa ndipo penye utamu. Sensa inaweza kutoa volti 3.3 nzuri ikiwa imepumzika, halafu isisogee kabisa presha inapobadilika. Mita peke yake haitakuambia hilo. Inabidi uisukume kwa presha unayoijua.

Fundi mwenye pampu ya mkono na geji nzuri atatumia hiyo. Wewe nunua sirinji kubwa isiyo na sindano, mita mbili za mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na kiungio chenye njia tatu. Pinda kipande kirefu cha mpira kiwe na umbo la U, kibandike wima kwenye ubao kando ya rula, kisha mimina maji yenye tone la rangi ya chakula mpaka nusu ya kila upande. Upande mmoja wa U uache wazi. Upande wa pili uunganishe na kiungio, na njia mbili zilizobaki ziende kwenye sirinji na kwenye sensa. Tayari una kipimo cha presha ambacho hakidanganyi, kwa sababu maji hayana betri wala kompyuta: kila sentimita 10 za tofauti kati ya vimo viwili vya maji ni kilopaskali 1, ukiacha punje ndogo ya hesabu.

Hakikisha mpira umeuchomeka mahali ulipotoka ule wa tangi. Sensa nyingine zina pua ya pili inayopumua hewa ya nje, na ukiivuta hiyo kila kitu kitasomeka kinyume.

Vuta sirinji polepole mpaka tofauti ya maji ifike sentimita 20. Huo ni mvuto wa kilopaskali 2, na Toyota inatakiwa ishuke hadi volti 1.3 mpaka 2.1. Achia: irudi kwenye 3.0 hadi 3.6. Sukuma mpaka tofauti ya sentimita 15 upande wa presha: ipande hadi 4.2 mpaka 4.8. Usiende mbali zaidi ya hapo. Kwenye gari lisilo Toyota tumia namba za kitabu chake, lakini mwenendo ni uleule: umeme utembee pamoja na maji bila kurukaruka, bila kugoma, na urudi ulikoanzia.

Tazama namna unavyotembea, si mwanzo na mwisho tu. Sensa iliyochoka huonekana njiani: inashuka vizuri mpaka 2.4, inaganda, kisha inaruka ghafla. Vuta tena, shikilia sirinji, hesabu mpaka sitini. Kama maji yametulia lakini volti zinateleza, sensa inavuja kwa ndani au imechoka. Kama maji nayo yanateleza, kagua viungio vyako kabla ya kuilaumu.

Sensa ikifaulu yote hayo, usiiguse tena.

Ubovu wa kuja na kuondoka

Corolla yangu ilifaulu kila kipimo nilichokueleza. Volti 5 zipo, ishara 3.3, maji na mita vinakwenda sawa. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya vifaa niliponyanyua waya kwa kiwiko bila kukusudia, na mita ikaanguka mpaka sifuri kwa nusu sekunde.

Kwa hiyo ubovu ukija na kuondoka, usipime ukiwa umetulia. Tikisa soketi. Vuta waya taratibu, kipande kwa kipande, kuanzia kwenye sensa kurudi mbele. Gonga kijiboksi kwa mpini wa bisibisi. Pasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele, ila kabla ya hapo hakikisha hakuna harufu ya mafuta hata kidogo. Mita ikiwa na kitufe cha kuhifadhi namba ndogo na kubwa kabisa, itumie, maana jicho halioni nusu sekunde.

Pini ikiwa na kutu nyepesi, ipulizie dawa ya kusafishia soketi, isugue kwa brashi ndogo, iache ikauke, paka grisi ya umeme kidogo, kisha kagua ile sili ya mpira. Kama imekauka, umefanya kazi ya miezi mitatu tu. Pini iliyoliwa haifufuki: nunua soketi yenye vipande vya nyaya zake, unga kwa risasi na ufunike kwa plastiki ya kupasha moto. Kusokota nyaya na kufunga utepe ni kuweka miadi na taa ileile.

Ikiwa kweli imekufa

Sasa una ushahidi: volti 5 zinafika, hasi ni nzima, waya wa ishara ni mzima, na sensa haisogei na maji. Nunua. Ya kiwandani ni ghali, za kuigiza ni bahati nasibu. Mimi hupendelea kwenda kwenye yadi ya magari yaliyokufa na sirinji yangu, betri ndogo tatu za volti 1.5 zilizofungwa mfululizo, na mita. Volti 4.5 zinaiamsha sensa vya kutosha kuona kama inatembea, ingawa namba zitakuwa chini kidogo ya za kitabu. Watu wa yadi hunitazama kama mganga.

Unapoifunga, badilisha pia ule mpira wa zamani. Linganisha namba ya kipuri, si sura, kwa sababu sensa mbili za Toyota zinazofanana kama mapacha zaweza kuwa na vipimo tofauti. Kama imekaa juu ya tangi, weka sili mpya. Ukirudisha ya zamani utakuwa umetengeneza P0442 kwa mikono yako.

Na ukiwa kwenye kituo cha mafuta, pampu ikikata, basi. Kulazimisha lita moja ya mwisho hupeleka petroli yenyewe kwenye kopo la mkaa lililotengenezwa kwa ajili ya mvuke. Mkaa ukilowa huharibika, na punje zake zinaweza kusafiri mpaka kwenye vali.

Taa imezima, ukaguzi bado

Ukifuta msimbo, umefuta pia majibu ya kompyuta ya kujichunguza, na wapima moshi wataliona hilo. Hapa Pittsburgh, Kaunti ya Allegheny, tunapimwa kila mwaka. Kwa kanuni ya Marekani ambayo majimbo mengi huifuata, gari la 2001 na kuendelea linaruhusiwa kuwa na uchunguzi mmoja usiokamilika, na la 1996 hadi 2000 chunguzi mbili. Uchunguzi wa mvuke wa tangi ndio huwa wa mwisho kukamilika, kwa sababu una masharti kama mkwe: tangi liwe kati ya robo na robo tatu, gari liwe limelala usiku kucha, hewa isiwe ya barafu wala ya joto kali.

Basi siku chache kabla ya ukaguzi weka mafuta nusu tangi. Asubuhi washa gari likiwa baridi, liache lingurume dakika chache, kisha endesha mwendo usiobadilika barabara kuu na urudi kwa njia za mtaani zenye kusimamasimama. Fanya hivyo asubuhi mbili tatu bila kufungua kifuniko cha tangi. Kisha chomeka kisomeo. Kama taa imezima na uchunguzi uliobaki ni huo mmoja wa mvuke, peleka gari.